Mita 30 kutoka mtoni

Nyanya yangu hakuwahi kuuita Mto Nairobi kwa jina lake. Kwake ulikuwa "mtoni" tu, na neno lenyewe lilikuwa onyo. Usiende mtoni. Mpira ukianguka mtoni, uache. Mimi nimezaliwa Majengo, Pumwani, na tangu nipate akili maji yale ni meusi. Ndiyo maana Jumamosi ya kwanza niliyoshuka huko na vijana wa mtaa, tukiwa na reki, magunia na miche, nilirudi nyumbani nikitarajia kusifiwa. Nyanya aliniangalia viatu, kisha akauliza: "Na mkishausafisha, watawaacha mkae hapo?"

Nilikasirika kidogo. Nilidhani ni wasiwasi wa uzee. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa ananifunza historia.

Jina la jiji hili lilitoka kwa Wamaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Reli ilipofika mwaka 1899 ilikuta uwanda wenye vinamasi, na mji ukajengwa juu yake kwa haraka ya watu wa reli, mifereji ikifikiriwa baadaye. Mwaka 1902 tauni ikaingia na soko la Wahindi likachomwa moto. Tangu hapo neno "afya" likawa na kazi mbili Nairobi: kutibu watu, na kuwahamisha. Mwaka 1913 Profesa Simpson aliandika ripoti kuhusu usafi wa miji ya koloni, akashauri kila rangi ikae sehemu yake, utadhani mbu huuliza mtu kabila kabla ya kumuuma.

Waafrika walikuwa wamejijengea vijiji vyao: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Waswahili, Wanubi, Wadigo, Wamanyema na wengine wengi waliishi humo, na nyumba nyingi zilikuwa za akina mama waliotafuta pesa yao wenyewe na kujenga. Vijiji hivyo vilivunjwa kimoja baada ya kingine. Pumwani ilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili iwapokee waliohamishwa, upande wa mashariki, mahali ambapo mto hufika ukiwa umeshapita katikati ya mji. Pangani ilikuwa ya mwisho, 1939, watu wake wakapelekwa Shauri Moyo, ng'ambo tu ya mto.

Hapa naomba usome polepole. Pumwani mtu aliruhusiwa kujenga na kumiliki nyumba, lakini kiwanja kilibaki cha manispaa. Kuta zako, udongo wao. Kwa hiyo mtu wa Pumwani amekuwa karibu na mto huu kwa miaka mia moja akipokea uchafu wa waliomtangulia kwenye mkondo, bila kuwa na hakika kwamba ardhi aliyosimama ni yake. Ukiniuliza kwa nini watu walitupa taka mtoni, nitakwambia ukweli kwamba walitupa, na hata sisi tulitupa. Lakini pia lori la taka haliingii vichochoro vyetu, na mto hauwezi kukataa mzigo.

Kuusafisha si wazo jipya. Mwaka 1999 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, lilianzisha programu ya bonde la Mto Nairobi. Halafu akaja John Michuki, yule yule wa mikanda ya matatu, akawa Waziri wa Mazingira mwaka 2008. Mzee hakuwa na mchezo. Karibu na Museum Hill jaa likageuka bustani, ambayo leo inaitwa Michuki Park, na watu wakaona maji yakianza kupata rangi ya maji. Ndiye pia aliyeamuru mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji mwaka 2009. Mti huo uliletwa Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita uwe kuni za gari moshi, na unakunywa maji kama mtu aliyetoka saumu. Michuki alifariki Februari 2012, na mto ukarudi kulekule. Ulikuwa unalindwa na amri ya mtu mmoja.

Korogocho walifanya tofauti. Mwaka 2017 vijana, baadhi yao wakiwa wameacha uhalifu baada ya kuzika wenzao, walianza kuchimbua ukingo uliokuwa jaa. Wanajiita Komb Green Solutions. Walitoa taka kwa mikono, wakapanda miti na mboga, wakatengeneza mahali pa watoto kucheza. Nilipoenda kuona, kilichonigusa hakikuwa bustani. Ni vile mama mmoja alimfokea mtoto aliyetupa karatasi: "Hapo ni kwetu!" Juu kabisa, Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri ambako mto huu unaanzia, wenyeji nao wamejipanga kulinda chanzo. Sisi wa katikati tulichelewa.

Kikundi chetu kilianza vibaya, lazima nikiri. Tulipanda mianzi mikubwa ya kutoka Asia kwa sababu inakua haraka na inapendeza kwenye picha. Mzee mmoja fundi seremala wa Gikomba akatucheka. Akatuambia ukingo wa mto huku kwetu ni wa mkuyu na matete: mkuyu unashika udongo na ndege wanakula tini zake, matete yanachuja maji. Tukaanza kitalu cha mikuyu kwenye makopo ya rangi.

Mwishoni mwa Aprili 2024 mafuriko yakaja. Kitalu kilienda chote, na sehemu ya ukingo. Mathare watu walikufa. Kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mto waondoke, na tingatinga zikaanza kazi Mathare na Mukuru, mvua ikiwa bado inanyesha. Sheria ya maji ipo, sikatai. Kanuni za 2007 zilitaja hifadhi ya kati ya mita 6 na 30. Maji yakijaa hayana huruma, na kuna mahali ambapo mtu hafai kulala. Lakini miaka sita kabla, 2018, majengo makubwa kama Ukay kule Westlands yalipobomolewa kando ya mto, wenyewe walikuwa na mawakili. Mama wa mabati alikuwa na godoro kichwani.

Mwaka 2025 Rais William Ruto alizindua mradi mwingine, kilomita 27 za mto. Vijana wengi wa mtaa wamepata vibarua humo, na siwezi kumdharau anayelipwa kuokota taka ambayo mimi niliokota bure. Ila hakuna aliyeniambia kazi ikiisha ukingo utakuwa wa nani.

Tumepanda mikuyu tena, kumi na mmoja. Minne imeshika. Juzi nilichukua utepe wa fundi nikapima kutoka kwenye maji hadi ukuta wa chumba cha rafiki yangu: mita 22. Nilimwambia nyanya. Akanyamaza, halafu akauliza kama nimepima wakati wa kiangazi au wa masika.