Wimbo wa Usiku wa Manane: Kanisa la Filipi Lilivyoanza

Tulipokuwa tukijiandaa kwa jubilii hii, sisi wanakwaya tulisoma pamoja Matendo ya Mitume sura ya 16, inayosimulia jinsi kanisa la Filipi, huko Makedonia, lilivyoanza karibu na mwaka wa 50 baada ya Kristo.

Kanisa hilo halikuanzia kwenye jengo. Lilianzia kando ya mto siku ya Sabato, wanawake walipokusanyika kuomba. Lidia wa Thiatira, mfanyabiashara wa zambarau, aliamini, akabatizwa na watu wa nyumbani mwake, kisha akawakaribisha wahubiri kwake.

Baadaye Paulo na Sila walichapwa na kutiwa gerezani, miguu ikafungwa kwa mkatale. Usiku wa manane waliomba na kuimba, wafungwa wakisikiliza. Hapo tulijadiliana sana. Tetemeko lilikuja baada ya wimbo, si kabla. Waliimba vidonda vikiwa vibichi, bila kujua kama milango ingefunguka. Usiku huohuo mlinzi wa gereza aliwaosha vidonda, naye akabatizwa pamoja na jamaa yake.

Mnamo mwaka wa 112 hivi, Plinio, gavana wa Kirumi huko Bithinia, alimwandikia Kaisari Traiano kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo.

Kwa hivyo huduma yetu ni ya zamani kuliko majengo ya kanisa. Nasi tuna wenzetu wanaofika mazoezini na vidonda: mwenye msiba, aliyepoteza kazi. Tusiwaambie wangoje mambo yatengenee. Tuwapishe nafasi, tuimbe nao.