Jina la Mchawi katika Mabishano ya Wawika na Wakristo wa Uingereza

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735 ilifutwa Uingereza mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye Gerald Gardner alitoa kitabu kilichodai kwamba dini ya kale, iliyotangulia Ukristo, ingali hai. Ndiyo iitwayo Wika. Wakristo wengi wamewashitaki wafuasi wake kuwa humwabudu Shetani. Nao hujibu kwamba Shetani ni wa itikadi ya Kikristo, wala hana nafasi katika ibada yao ya mungu wa kike na mungu mwenye pembe. Kisha baadhi yao huligeuzia Kanisa shitaka, kwamba liliua wachawi milioni tisa.

Wanahistoria hukadiria waliouawa Ulaya kuwa kati ya 40,000 na 60,000, wengi wakihukumiwa na mahakama za serikali. Tena karibu wote walikuwa Wakristo, si waumini wa dini ya kale. Neno la Kiingereza cha kale lililozaa jina Wika lilikuwa na maana ya mchawi mwanamume. Wawika wamelichagua kwa heshima. Waliouawa walipachikwa mfano wake kwa nguvu. Kwa hiyo hakuna upande uwezao kudai kwa haki kuwa unawasemea.