Neuhaus: Tarafa iliyorejea nyumbani baada ya miaka 48

TARAFA ya Neuhaus, iliyoko kwenye ukingo wa kaskazini-mashariki wa Mto Elbe nchini Ujerumani, ilitengwa na wilaya yake mwaka 1945 na kurejeshwa mwaka 1993. Chanzo kikubwa cha masaibu hayo ni mto usiokuwa na daraja.

Eneo hilo awali lilikuwa chini ya watawala wa Sachsen-Lauenburg. Ukoo huo ulipokosa mrithi wa kiume mwaka 1689, lilichukuliwa na watawala wa Lüneburg na baadaye kuwa sehemu ya Hannover. Baada ya vita vya Napoleon, Lauenburg ilikabidhiwa Denmark, lakini Neuhaus ikabaki Hannover.

Prusia iliitwaa Hannover mwaka 1866. Mwaka 1885 tarafa hiyo iliwekwa katika Wilaya ya Bleckede, ambayo makao yake makuu yalikuwa ng'ambo ya mto. Mwaka 1932 wilaya hiyo nayo iliunganishwa na Lüneburg.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika, Waingereza waliona vigumu kuitawala Neuhaus kutoka ng'ambo, wakaikabidhi kwa Wasovieti. Hivyo ikaangukia Ujerumani Mashariki, kwanza katika Wilaya ya Hagenow na, kuanzia mwaka 1952, Mkoa wa Schwerin. Mwaka huo huo serikali ilitenga ukanda wa kilomita tano mpakani. Kuingia humo kulihitaji kibali, na familia zilizoshukiwa zilihamishwa kwa nguvu.

Ujerumani ilipoungana mwaka 1990, tarafa hiyo iliwekwa katika jimbo la Mecklenburg-Vorpommern. Wakazi walitaka kurejea walikotoka. Majimbo mawili yalifunga mkataba, na Juni 30, 1993 Neuhaus ikarudi Niedersachsen, katika Wilaya ya Lüneburg. Oktoba mwaka huo vijiji vyake viliungana kuwa halmashauri moja iitwayo Amt Neuhaus, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 237.

Hata hivyo, mto bado unawatenganisha wakazi na makao makuu ya wilaya yao. Wengi huvuka kwa vivuko vya Bleckede na Darchau. Vivuko hivyo vinaposimama kwa sababu ya barafu, mafuriko au kina kidogo cha maji, hulazimika kuzunguka hadi madaraja ya Lauenburg au Dömitz.