Uhuru: Jina Tunalolijua Wote na Karibu Hakuna Anayeitwa

Hebu hesabu. Darasani kwenu kulikuwa na akina Brian wangapi? Akina Faith je? Kwetu shule ya msingi tulikuwa na Kevin watatu, ikabidi mwalimu awape namba. Sasa nitajie Uhuru mmoja uliyesoma naye. Mmoja tu. Na usiniambie yule wa Ikulu, huyo hamkukaa dawati moja.

Inashangaza, kwa sababu neno lenyewe liko kila mahali. Nairobi kuna Uhuru Park, iliyofunguliwa 1969, na barabara kubwa inayopita kando yake. Tanzania, reli ya TAZARA huitwa Reli ya Uhuru. Kileleni kabisa mwa Kilimanjaro, pale watu wanapigia picha wakitetemeka, panaitwa Uhuru. Tumelipa bustani, lami, chuma na theluji. Watoto tunawanyima. Nimelifuatilia hili jina kwa wiki kadhaa (ndiyo kazi yangu siku hizi, chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipogoma), na ninavyoona ni kwamba tuliliacha likawa mali ya mtu mmoja. Inaniuma, na nikikuambia limetoka wapi labda itakuuma pia.

Tuanze na neno. Kiarabu kina hurr, yaani mtu ambaye si mtumwa. Kiswahili kikachukua, kikapata huru, halafu kikaweka u- mbele, vile kilifanya na zuri likawa uzuri na moja likawa umoja. Waarabu wakitaka kusema uhuru husema hurriya, na hilo pia tuliliokota, ndilo huria la soko huria. Kwa hivyo mtu akikuambia Uhuru ni jina la Kiarabu, mkubalie nusu. Mzizi ni wao. Neno lilishonwa hapa kwetu pwani.

Na hiyo pwani ndiyo inalifanya liwe zito. Leo ukisikia uhuru unafikiria bendera, gwaride na siku ya kulala nyumbani. Lakini kwa mtu wa pwani wa karne ya 19, uhuru ulikuwa kwanza ni kutoka utumwani. Kulikuwa na neno lingine kwa waliozaliwa huru, wenye ukoo na heshima zao: waungwana. Mwungwana hakuhitaji mtu amwachilie, hakuna aliyewahi kumfunga. Aliyeachiliwa huru ni mwingine kabisa, na mji mzima ulijua tofauti yao. Angeweza kuwa huru leo na bado kesho akawekwa nyuma msikitini ama harusini. Neno uhuru, tangu mwanzo, ni la watu waliokuwa wamefungwa.

Sasa angalia majina yao. Unamkumbuka Sidi Mubarak Bombay, yule aliyetembea Afrika na Burton, Speke na Stanley? Alikuwa Myao, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafika India. Aliporudi huku alikuwa anaitwa Mubarak, jina la Kiarabu, na Bombay, jina la mji wa ng'ambo. Jina alilopewa na mamake halimo. Huko Mombasa, wamishenari wa Kiingereza walianzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, na ukibatizwa pale unatoka na jina la Kiingereza. Kengele yao bado iko, ndiyo sababu pale Nyali panaitwa Kengeleni. Kisheria utumwa ulikomeshwa Zanzibar 1897 na pwani ya Kenya 1907. Kumbuka hiyo 1907. Mtoto wa miaka kumi aliyeachiliwa mwaka huo angekuwa na miaka 64 tu mwaka 1961. Ni umri wa shosh wako.

1961 ndio mwaka ambao jina lilizaliwa, yaani kama jina la mtu tunayemjua sote. Jomo Kenyatta alikamatwa Oktoba 20, 1952, akahukumiwa Kapenguria, akazungushwa Lokitaung, Lodwar na Maralal. Alirudi Gatundu Agosti 14, 1961. Siku 73 baadaye, Oktoba 26, Mama Ngina akajifungua mtoto wa kiume.

Kwa mila za Wagĩkũyũ, jina la mvulana wa kwanza halisumbui mtu kichwa, ni la babake baba. Mtoto akawa Muigai, jina la babake Jomo. Lakini kulikuwa bado na ile nafasi nyingine, ile ya jina la ubatizo. Dadake mkubwa alikuwa Christina, mdogo wake akaja kuwa Anna. Katikati ya Christina na Anna wakaweka Uhuru. Pale ambapo ulitegemea Peter ama Joseph, kuna neno la Kiswahili. Na baba mwenyewe alijua kitu kuhusu majina: alizaliwa Kamau, wamishenari wakambatiza Johnstone, na kufikia kitabu chake cha 1938 alikuwa ameitupa Johnstone akaandika Jomo.

Ile sehemu ninayoipenda ni hii. Kwenye kampeni za wakati huo, Kenyatta akiwa bado kizuizini, KANU walikuwa na mwito wao mitaani: Uhuru na Kenyatta. Toa ile "na" uone unabaki na jina la nani.

Pia angalia tarehe. Mtoto aliitwa Uhuru wakati bendera ya Uingereza bado inapepea Nairobi. Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963, yeye akiwa tayari na miaka miwili na zaidi, anakimbia uani. Tanganyika ilitutangulia, Desemba 9, 1961, na usiku huo Luteni Alexander Nyirenda akapeleka mwenge na bendera juu ya Kilimanjaro, na kile kilele kilichokuwa kinaitwa kwa jina la mfalme wa Wajerumani kikapewa jina la Uhuru. Kwa hivyo mtoto wa Gatundu amekishinda kilele kwa wiki sita. Wazazi wa kizazi hicho walikuwa wanawapa watoto majina ya vitu ambavyo havijafika ama ndio vinafika. Nyerere ana mtoto anayeitwa Madaraka. Ilikuwa ni kama kuweka oda.

Basi mbona halikushika? Baraka lilishika. Amani, Imani, Neema, Furaha, hizo zote zimejaa. Uhuru likakwama.

Sababu moja ni mila. Jamii nyingi zetu zina utaratibu: jina la babu, jina la wakati uliozaliwa, jina la mvua, njaa, alfajiri. Ile nafasi moja inayobaki tumezoea kuipa Biblia, Kurani ama mwanasoka wa Uingereza. Lakini sababu kubwa ni siasa. Kwa miaka mingi kumwita mtoto Uhuru kulikuwa sawa na kumtaja mtoto wa rais wa kwanza. Halafu 2002 Moi akamsimamisha agombee urais, akashindwa na Kibaki. 2013 akashinda, na jina likagandishwa na la naibu wake likawa UhuRuto, neno moja kama dawa ya mbu. Kufikia hapo, nani angemwita mtoto Uhuru bila majirani kujua nyumba hiyo inapiga kura wapi? Hata Jaramogi Oginga Odinga alipokipa kitabu chake cha 1967 jina la Not Yet Uhuru, alimaanisha nchi. Kufikia 2013 ukisema "uhuru bado" mtu angeangalia saa kujua kama msafara umefika.

Nina binamu, mtoto wa mama mdogo, aliyezaliwa wiki ile ya uchaguzi wa 2013. Shosh alikuwa na furaha, akasema huyu ni Uhuru, hakuna aliyembishia. Miaka mitano ya kwanza ilikuwa poa. Halafu akaingia shule. "Uhuru, unga utashuka lini?" "Uhuru, ulikopa China ngapi?" Mtoto wa darasa la pili anaulizwa deni la taifa wakati wa uji! Mwalimu mmoja alikuwa akimwita Mheshimiwa, darasa linacheka. Siku hizi kwenye vitabu vyake ameandika Ian. Hakuna mtu kwao aliyewahi kuitwa Ian. Anataka mamake abadilishe kabla hajasajiliwa kwa mtihani, na mamake ameanza kuuliza bei ya wakili na ya tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali.

Mimi nimewaambia wasibadilishe. Simtetei mtu hapa, na wanaonijua wanajua nilivyosema kuhusu serikali ile na hii. Nasema tu hesabu haiko sawa. Mwanasiasa mmoja alikaa na hilo neno Ikulu karibu miaka kumi. Watu waliotoka kwenye minyororo walikaa nalo kabla hajazaliwa, wakati lilikuwa tofauti kati ya kuuzwa na kutouzwa. Ukimchukia mchukie, ni haki yako, lakini kumwachia neno lote ni kumpa zawadi ambayo hata yeye hakuomba. Halafu tunamwita mtoto Ian.

Walio mbali hawakuwa na huo mzigo, na walilitumia bila woga. Marekani, Septemba 1966, kipindi cha Star Trek kilianza kwenye runinga kikiwa na afisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, anayeitwa Uhura. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alieleza kwamba alienda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, hadithi ya Kenya, na mtayarishaji Gene Roddenberry akalipenda neno. Wakalilainisha mwisho likawa Uhura, lisikike la kike. Hapo nacheka kidogo. Kiswahili hakijui jina la kike kwa herufi ya mwisho. Baraka ni mvulana, Imani ni yeyote. Uhuru lingemtosha dada huyo bila kuguswa. Lakini sawa, watoto weusi wa Marekani walimwona mtu kama wao akiwa chomboni angani, mwenye cheo, na jina lake lilikuwa na mzizi wa pwani yetu.

Anga yenyewe ilifuata. Desemba 12, 1970, siku yetu ya Jamhuri, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilisimamisha baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani pekee. Kwa heshima ya Wakenya na siku yao, wakaiita Uhuru. Ghuba lile linaitwa Ungwana, kwa hivyo Uhuru iliruka kutoka Ungwana, na sidhani kuna mtu NASA aliyecheka. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Data yake ilisaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 yaelekea ni shimo jeusi, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel 2002, mwaka uleule Uhuru mwingine alikuwa anashindwa kura huku.

Wanasayansi waliandika orodha ya vitu 339 ambavyo setilaiti hiyo iliviona. Toleo la nne ndilo linalotumika, na vitu hivyo bado vinaitwa kwa namba za orodha hiyo: 4U 1820-30, 4U 1700-37, na kuendelea. Ukiziona mtandaoni utadhani ni mtu anamtumia mpenzi wake ujumbe. Hiyo 4 ni toleo la nne. Hiyo U ni Uhuru.