Bunduki Inalala Nje: Siri ya Wawindaji wa Kwenye Barafu

Toa soda kwenye friji, iweke mezani Dar mchana wa jua kali. Dakika chache tu chupa inatoka jasho. Sasa fikiria hiyo chupa ni bunduki, na mwenye nayo ana watoto wanaosubiri nyama ya sili.

Hiyo ndiyo ishu waliyokutana nayo wawindaji wa Kiinuiti, kaskazini kabisa mwa Kanada, wavua nyangumi na wafanyabiashara walipowapelekea bunduki karne ya 19. Ukiwa mgeni utadhani adui ni baridi, kwa hiyo usiku unaiingiza bunduki ndani ipate joto. Umekwisha! Joto la ndani linakitoa jasho chuma, maji yanapenya mpaka kwenye kifyatulio, na asubuhi ukitoka nje yanaganda. Sili anatoa kichwa, unavuta, kimya. Familia inalala njaa.

Wenyewe waliiacha bunduki nje usiku kucha. Hata mafuta ya kulainishia chuma waliyafuta, maana kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri yanakuwa mazito kama gundi.

Na hawakuanza kujifunza hapo. Zamani upinde wao ulitengenezwa kwa miti iliyoletwa na bahari au kwa pembe za wanyama, kisha mgongoni ukakazwa kwa kano zilizosukwa. Kano zikilowa zinalegea, upinde unabaki pambo. Kumbe unyevu walishaujua kitambo.

Ila mtaalamu mwenyewe wa kutunza vifaa alikuwa mama wa nyumba. Mwindaji akirudi, theluji yote ilikung'utwa kwenye nguo za ngozi kwa kifimbo kabla haijayeyuka. Mama ndiye aliyechunga taa ya jiwe inayowaka kwa mafuta ya sili, na juu ya taa kulikuwa na kichanja cha kuanikia buti na glavu. Buti zikikauka zinakuwa ngumu kama ubao, basi asubuhi anazitafuna kwa meno mpaka zilainike. Ndiyo, kwa meno! Bila hivyo baba hatoki, na akitoka hivyohivyo anaweza kurudi bila vidole. Sifa za uwindaji anachukua mwanaume, lakini meno yaliyokwisha ni ya mke.

Filamu ya Nanook of the North ya mwaka 1922 ilimwonyesha mwanamke akitafuna buti hivyo, na watazamaji wa mjini wakashangaa. Hiyo kazi ilikuwa ya kweli. Kwenye uwindaji ndipo palipochezewa: mwindaji aliombwa ashike chusa kama enzi za babu zake, wakati maisha yake ya kawaida alikuwa anawinda kwa bunduki kama wenzake.

Nyumba ya theluji nayo ilikatwa upande mmoja ili kamera ipate mwanga, na wakacheza kulala humo huku baridi ikiingia.