Mpaka jina likatwe



Nina mjomba wangu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye mwaka 2015 alirudisha kadi ya CCM aliyoitunza tangu ujana wake. Aliikabidhi hadharani, akapewa ya Chadema, watu wakampigia makofi. Machi 1, 2019, Edward Lowassa aliporejea CCM, mjomba alizima redio akatoka nje kuangalia mbuzi wake. Tangu siku hiyo ukimtajia siasa anakuuliza habari za mvua.

Kwa ajili yake nimekuwa nikijiuliza: hivi mtu aliyekaa ndani ya chama miaka thelathini au arobaini, akapewa kila cheo humo, ni nini hasa kinamfanya ageuke siku moja na kukipinga? Vijiweni majibu ni mawili tu. Ama ana uchu wa madaraka, ama ameona mwanga. Mimi nadhani tuweke hotuba pembeni kidogo, tuangalie tarehe.

Tuanze na huyo huyo Lowassa. Februari 2008 alijiuzulu Uwaziri Mkuu kutokana na kashfa ya Richmond, na alilalamika bungeni kwamba hakutendewa haki. Mwaka 2011 chama kikaja na kampeni ya kujivua gamba, na kila mtu alijua gamba ni akina nani. Je, alihama? Hakuhama. Alivumilia miaka saba, kwa sababu njia ya Ikulu kupitia CCM bado ilikuwa wazi. Kilichomtoa hakikuwa fedheha. Julai 10, 2015 kule Dodoma, jina lake halikuwemo kwenye orodha ya watano waliopitishwa na Kamati Kuu. Julai 28 alikuwa Chadema. Hesabu mwenyewe: siku 18! Hapo ndipo tukaanza kumsikia akieleza kuwa CCM haiwezi kuleta mabadiliko.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi alikuwa mwongo. Yawezekana kabisa aliyoyasema alikuwa akiyaamini, na Watanzania zaidi ya milioni sita walimpa kura, karibu asilimia 40. Ninachosema ni kwamba ukiwa ndani, utaratibu mbovu unauona kama utaratibu tu. Unakuwa mbovu siku unapokukata wewe.

Anayenisumbua zaidi ni mzee Kingunge Ngombale-Mwiru. Huyu alitoka CCM Oktoba 2015 akiwa na miaka 85, hakujiunga na chama chochote, wala hakuwa akigombea kitu. Kwa hiyo ile habari ya uchu haimshiki. Hoja yake ilikuwa kwamba katiba na taratibu za chama zilivunjwa katika kumpata mgombea. Hoja nzito. Lakini turudi nyuma kidogo, mpaka Karatu mwaka 1995. Padri mmoja wa zamani, Wilbrod Slaa, alishinda kura za maoni za CCM, jina lake likakatwa juu. Akahamia Chadema, akapata ubunge. Wakati huo mzee Kingunge alikuwa miongoni mwa vigogo wa chama, mtu wa itikadi, ambaye neno lake lilisikika. Utaratibu wa jina kukatwa juu haukuanza na Lowassa. Ulimfikia mzee pale tu ulipomgusa mtu wake.

Na Slaa huyo huyo ndiye aliyesimama Mwembeyanga mwaka 2007 akasoma orodha ya mafisadi, Lowassa akiwamo. Chadema ilipompokea Lowassa, ikawa zamu ya Slaa kugeuka. Septemba 1, 2015 alitangaza kuachana na siasa za vyama, akakisema chama alichokijenga. Yeye angalau tarehe zake zinaeleweka: alikuwa ameyasema hayo hayo miaka minane kabla.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi, maana hakukuwa na chama kingine cha kuhamia. Oscar Kambona alikuwa Katibu Mkuu wa TANU, na ndiye aliyekwenda kuzungumza na wanajeshi walioasi Januari 1964. Alitofautiana na Mwalimu kuhusu mwelekeo wa nchi, na mwaka 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, alijiuzulu akaenda London. Mpaka anarejea mwaka 1992, mwaka wa vyama vingi, ilikuwa imepita robo karne. Kwa Kambona kugeuka kulimaanisha uhamishoni. Kwa Augustine Mrema mwaka 1995 kulimaanisha kuvuka barabara tu: aliondolewa kwenye Baraza la Mawaziri Februari, na katika wiki chache akawa NCCR-Mageuzi, akagombea urais na kupata karibu asilimia 28. Naye mwisho wa siku, mwaka 2016, alipokea uteuzi kutoka kwa Rais wa CCM.

Lakini kuna waliokasirika wasitoke. Usiku ule wa Dodoma wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walijitokeza mbele ya waandishi wakapinga uamuzi wa kikao chao wenyewe. Nchimbi hakuhama. Alipelekwa ubalozini, akapewa onyo na chama, akanyamaza. Januari 2024 akawa Katibu Mkuu wa CCM, na Novemba 2025 akaapishwa kuwa Makamu wa Rais. Vijana wenye kadi za kijani wanaiona njia hiyo, msidhani hawaioni.

Lowassa alifariki dunia Februari 10, 2024, akiwa mwana-CCM, akazikwa Monduli kwa heshima za kitaifa. Nilikuwa kwa mjomba wiki hiyo. Nikajipa moyo nikamuuliza, "Mjomba, ile kadi ya Chadema bado unayo?"

Akasema ipo kabatini. Nikamuuliza kwa nini basi naye asirudi CCM kama wenzake.

"Mimi nitarudi kwa nani?" akasema. "Yeye alipokewa na mwenyekiti. Mimi nitapokewa na yule kijana wa tawi niliyemfundisha darasa la nne, na lazima nimwombe radhi."