Daftari, Nyongeza na Pointi: Mkopo wa Dukani Magunga na Nyanza Kusini

Katika duka la rejareja la Magunga, kama katika soko lolote kati ya vilima vya Gwassi na Ziwa Viktoria, chini ya kaunta hukaa daftari la shule lenye jalada lililolegea. Ndani yake wateja hawaandikwi kwa majina ya kitambulisho. Yupo Nyar Kaksingri (binti wa Kaksingri), yupo Mama Atieno, yupo mwalimu wa hesabu. Mbele ya jina hufuata sukari robo, sabuni kipande, mafuta ya kupima ya shilingi 20. Deni likilipwa, mstari hukatwa kwa kalamu mteja akiangalia, asije akadaiwa mara ya pili. Kadi za maduka makubwa na pointi zake zilipofika Nyanza Kusini, zilipimwa kwa kulinganishwa na daftari hilo.

Kukopeshana kulikuwako kabla ya duka. Mjaluo aliyehitaji fahali wa kuchinja msibani aliweza kumchukua kwa jirani kwa ahadi ya kumlipa mtamba baadaye. Mapatano ya namna hiyo huitwa singo. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti Nyanza Kusini kuanzia miaka ya 1980 na kuandika vitabu kadhaa juu ya mambo haya, ameonyesha kwamba madeni hayo hayakuwa na haraka, na kwamba yaliweza kupita kutoka kizazi hadi kizazi. Kumaliza kila deni kati ya majirani kulikuwa karibu sawa na kuvunja ujirani.

Duka lilikuja kwa njia ya ziwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaunganisha bandari hiyo na Kendu Bay, Homa Bay na Karungu. Wafanyabiashara wa Kihindi, akiwamo Allidina Visram aliyekuwa na mtandao wa maduka kutoka Mombasa hadi Uganda, ndio waliosambaza vitambaa, chumvi, majembe na mafuta ya taa katika nchi za kandokando ya ziwa. Gwassi ilichelewa. Ugonjwa wa malale katika bonde la Lambwe na fukwe zake ulifukuza watu na kufanya njia ya bara iogopwe, hivyo bidhaa nyingi zilishushwa kwa mashua na kupandishwa vilimani kwa kichwa.

Serikali ya kikoloni iliingilia mkopo mapema. Sheria ya mwaka 1903 ilimzuia asiye Mwafrika kumdai Mwafrika deni la biashara mahakamani, isipokuwa kwa masharti maalumu. Ile ya mwaka 1948 iliweka kikomo: mkopo uliozidi shilingi 200 haukudaika kisheria bila kibali. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba Mwafrika analindwa asizame katika madeni. Matokeo yake yalikuwa mengine. Mwenye duka wa Kihindi aliendelea kukopesha, lakini kidogo kidogo, kwa anayemjua uso na boma lake, maana mahakama isingemsaidia. Aliyeumia zaidi ni Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe, kwa sababu muuzaji wa jumla hakuthubutu kumpa shehena kwa ahadi. Ndiyo sababu Oginga Odinga na wenzake, walipounda Luo Thrift and Trading Corporation katika miaka ya 1940, walikusanya mtaji kwa kuuza hisa ndogo ndogo kijiji kwa kijiji.

Baada ya uhuru, Shirika la Kitaifa la Biashara la Kenya (1965) na Sheria ya Leseni za Biashara (1967) vilihamisha maduka mengi ya miji midogo kutoka mikononi mwa Waasia. Daftari likabaki, likapata taabu mpya: mwenye duka sasa alikuwa mtoto wa ukoo. Kumnyima shemeji sukari wakati wa matanga ni jambo la kusemwa miaka mingi. Kumpa ni kuhatarisha duka. Kibao cha "Leo pesa taslimu, kesho mkopo" kilitundikwa zaidi kwa ajili ya ndugu, na kazi yake ilikuwa kumwezesha mwenye duka kukataa bila kufungua kinywa.

Kwa watu wa ufukweni, kama Nyandiwa na Sindo, mkopo ulifuata mwezi wa angani. Omena, yaani dagaa, huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za betri. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye mwanga na mashua hubaki nchi kavu. Katika siku hizo kurasa za daftari hujaa. Giza likirudi, mistari huanza kukatwa. Mwenye duka anayeijua kazi yake hahitaji hati ya mshahara. Hutazama juu tu. Msimu wa kufungwa kwa uvuvi wa omena, kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31, ndio mtihani mkubwa zaidi, na mteja anayelipa madeni ya miezi hiyo bila kusukumwa hukumbukwa.

Malipo ya uaminifu nayo yalikuwapo, kwa jina la nyongeza. Mama anayeuza omena hujaza gorogoro, kopo la kupimia, hadi rundo lisimame juu ya ukingo, humimina, kisha mteja husema "medna", niongezee, naye hutupia konzi moja juu. Konzi hiyo haina bei wala masharti yaliyoandikwa, lakini ina ukubwa wake: ya mgeni ni ncha za vidole, ya kasitoma wa kila wiki ni kiganja kizima. Uaminifu wa biashara umewahi pia kuwa na sura chungu ufukweni. Katika desturi inayoitwa jaboya, mwanamke mchuuzi alilazimika kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mvuvi ili ahakikishiwe samaki.

Mkopo wenye makaratasi ulitangulia kufika upande wa Migori kupitia mashamba. Tangu miaka ya 1970 kampuni ya BAT iliwapa wakulima wa tumbaku mbegu na mbolea na kukata gharama kwenye mauzo. Kiwanda cha sukari cha SONY huko Awendo, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1979, kilifuata mtindo huo. Walimu walifikiwa na maduka ya kukopesha samani na redio kwa makato ya mshahara. Hapo watu walionja deni linalojilipa lenyewe kabla ya mdaiwa kuiona pesa, na wengi hawakuipenda ladha hiyo.

Kwa upande wa zawadi za uaminifu, Marekani ilikuwa na stempu za S&H Green Stamps tangu 1896, na maduka yake makubwa yalikuja kutoa vibati vya mkopo kwa wateja wake. Kenya ilipata kadi za pointi baadaye, na hazikuwa za mkopo. Nakumatt, supamaketi iliyokua kutoka duka la magodoro la Nakuru, ilikuwa na Smart Card. Uchumi, Tuskys na Naivas nazo zikawa na kadi zao. Hata kadi ya Nakumatt iliyobeba nembo ya MasterCard ilikuwa ya kujazwa pesa kwanza. Kwa mtu wa Magunga matawi ya karibu yalikuwa Kisumu na Kisii, safari ya nauli inayozidi thamani ya pointi zenyewe. Waliozikusanya kwa bidii walikuwa zaidi watumishi wenye mishahara na wanaosafiri mara kwa mara.

Tofauti kubwa kati ya daftari na kadi ilionekana Nakumatt ilipoanguka. Iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakaamua ifungwe kabisa. Katika daftari, mteja ndiye anayedaiwa. Kwenye kadi ya pointi, duka ndilo linalodaiwa. Duka la kijijini likifa, mteja amekwisha kula sukari. Supamaketi ilipokufa, wenye pointi walikuwa nyuma kabisa ya foleni ya benki na wauzaji wa jumla, wakiwa na kadi isiyo na rafu ya kuitumia.

Pointi zilizoingia Magunga kwelikweli ni za simu. Kampuni ya simu ya Safaricom ilianzisha pointi za Bonga Januari 2007, miezi miwili kabla ya huduma yake ya pesa kwa simu, M-Pesa, na tangu 2020 pointi hizo zimeweza kulipia bidhaa dukani. Mwishoni mwa 2022 kampuni ilitangaza kufuta pointi zilizozidi miaka 3. Wateja walilalamika kana kwamba akiba yao inachukuliwa, na mpango ukasitishwa. Fuliza, iliyokuja Januari 2019, ilileta mkopo wa papo hapo wa kukamilisha malipo, ukilipwa kwa kukata pesa yoyote inayoingia kwenye simu. Siku hizi namba ya Lipa na M-Pesa imebandikwa ukutani, na daftari lingali chini ya kaunta. Mteja akitumiwa pesa na mwanawe wa Nairobi, Fuliza hujikatia kwanza. Kinachobaki ndicho anachokuja nacho kukata mstari wa sukari robo.